Laptop: tununue sasa ao tungojee mpya? Historia iko na jibu



Kuna swali linalorudi kila mara kati yetu, hasa kwa wale waliotoka kutetea memwari juzi juzi: "Niko na dola mia mbili na kitu. Ninunue laptop sasa, ao ningojee kwanza, juu mpya ziko njiani?"

Wanaosema "ngojea" wako na sababu zao. Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 bure, na laptop nyingi zilizokwisha kutumiwa, zile tunazonunua hapa Uvira ao ng'ambo Bujumbura, zilitengenezwa wakati wa Windows 10. Tena kila siku tunasikia kuhusu mashine mpya zenye akili bandia ndani. Sasa mtu anajiuliza: juu ya nini nitoe pesa kwa kitu ambacho kesho kitaitwa cha zamani?

Wanaosema "nunua" nao wako na sababu. Tangazo la kazi halingojei. Ripoti haingojei. Na kila ukienda sekretaria kuchapisha barua na CV, unalipa kwa ukurasa, halafu unarudi nyumbani mikono mitupu.

Mimi ni mtu wa kilimo, si fundi wa kompyuta. Lakini swali hili limekwisha kuulizwa mbele yetu, tena na watu wenye mamlaka kuliko sisi: serikali nzima, matajiri, makampuni. Majibu yao tunayaona leo. Tuyaangalie, ndipo turudi kwenye mfuko wetu.

Mwaka 1965: mambo mawili kwa wakati mmoja

Mwezi wa nne 1965, kule Marekani, mtaalamu wa kemia Gordon Moore aliandika makala fupi katika gazeti la mambo ya elektroniki. Alisema kwamba idadi ya vipande vinavyoingia katika chipu moja ilikuwa inaongezeka mara mbili kila mwaka, na kwamba itaendelea hivyo kwa miaka kumi. Mwaka 1975 alisahihisha hesabu yake: mara mbili kila miaka miwili. Katikati, mwaka 1968, yeye na Robert Noyce walianzisha kampuni ya Intel. Jina la Intel bado linaandikwa kwenye laptop nyingi tunazozishika.

Maana ya makala hiyo kwa mnunuzi ni hii: tangu 1965, hakuna siku hata moja ambapo mtu alinunua kompyuta na isitoke bora zaidi nyuma yake. Kama sababu ya kungojea ni "mpya inakuja", basi mtu angeanza kungojea 1965 na angekuwa angali anangojea leo.

Mwaka huohuo wa 1965, upande wa pili wa ziwa letu, Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza ya serikali. Ilikuwa ICT 1500, ya kampuni ya Kiingereza, na iliwekwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Nchi ilikuwa na miaka minne tu ya uhuru. Baadaye zikaja mashine kubwa zaidi, za ICL 1900. Tafazali usifikirie laptop. Hizo zilikuwa mashine za kujaza chumba, zenye kula kadi za karatasi, na wenye kuzijua kwa undani wengi walikuwa wageni.

Njo pale shida ilianzia. Mashine zilinunuliwa kabla ya kuwatayarisha vizuri watu wa kuziendesha na kabla ya kupanga vizuri kazi zenyewe. Mfumo wa hesabu za serikali uliohamishiwa kwenye kompyuta ulishindwa, pesa zikapotea, ikabidi kurudia njia za zamani. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ikachukua uamuzi mkali: ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Aliyeitaka alipaswa kuomba ruhusa ya pekee.

Miaka ishirini ya kungojea

Tusikimbilie kucheka. Ukiangalia hali ya 1974, uamuzi huo ulikuwa na akili yake. Bei ya mafuta ya petroli ilikuwa imepanda sana, pesa za kigeni zilikuwa chache, na mashine moja ilikula pesa nyingi bila kuleta faida iliyotegemewa. Serikali iliyokuwa inatafuta pesa za shule na maji vijijini ilisema: hii iwe nyuma kwanza. Hata mtu wa nyumbani angesema hivyo.

Lakini tuangalie kilichofuata. Marufuku ile ilitolewa juu ya mashine za kujaza chumba. Mwaka mmoja tu nyuma yake, 1975, Altair ilianza kuuzwa Marekani, kompyuta ndogo ya kujiundia nyumbani. Mwaka 1977 ikaja Apple II. Mwezi wa nane 1981 ikaja IBM PC, kompyuta ya kukaa juu ya meza ya ofisi. Mwaka 1984 ikaja Macintosh. Kwa hiyo kitu kilichokatazwa 1974 na kitu kilichokuwa kinauzwa 1984 vilikuwa na jina moja, "kompyuta", lakini havikuwa kitu kimoja tena, wala kwa bei, wala kwa ukubwa, wala kwa ujuzi uliohitajika. Katazo lililotolewa juu ya tembo likaendelea kumshika mbuzi. Lililegezwa pole pole, lakini kuondolewa kabisa kulingojea mwanzo wa miaka ya 1990.

Televisheni inasimulia habari iliyo karibu na hiyo, lakini yenye sura mbili. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962, Uganda tangu 1963, na kwetu Kongo matangazo yalianza 1966, Kinshasa. Zote hizo zilianza na picha nyeusi na nyeupe. Zanzibar ilichelewa, na ilipoanza, mwanzo wa miaka ya 1970, iliruka moja kwa moja mpaka televisheni ya rangi, ya kwanza katika Afrika kusini ya Sahara. Aliyechelewa akapata kizuri zaidi. Hapo wanaosema "ngojea" wapige makofi, ni haki yao.

Lakini upande wa bara, Tanzania hiyohiyo, Mwalimu Nyerere aliiona televisheni kama anasa ambayo nchi maskini ingeweza kuiacha kwanza. Wananchi wa Dar es Salaam waliingia katika televisheni ya kwao mwaka 1994, ITV ilipoanza. Ni karibu miaka ishirini nyuma ya Zanzibar, na kati ya hizo mbili ni safari ya mashua tu.

Tofauti iko wapi? Zanzibar haikungojea televisheni ya rangi itoke. Ilianza siku ilipopata uwezo na nia, ikachukua iliyokuwa bora siku hiyo. Bara walisema "bado", lakini hawakusema mpaka lini. Kungojea bila tarehe kuna tabia ya kujirefusha kwenyewe.

Laptop mama na wateja waliongoja

Habari nyingine inatoka Marekani, na inahusu laptop zenyewe. Mwezi wa nne 1981 Adam Osborne alitoa kompyuta ya kubeba, Osborne 1. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 11, nusu mfuko wa unga kwa mkono mmoja. Kioo chake kilikuwa cha inchi 5, kidogo kuliko simu nyingi tulizo nazo mfukoni. Bei: dola 1.795. Na watu walinunua kwa wingi, juu kwa wakati ule ilikuwa ajabu.

Mwaka 1983 kampuni ilianza kuzungumzia mashine mpya zilizokuwa zinakuja, bora zaidi. Wateja wakafanya hesabu ileile tunayoifanya sisi: juu ya nini ninunue hii, na nzuri iko njiani? Wakangojea. Mashine za zamani zikalala dukani, pesa zikakauka, na mwezi wa tisa 1983 kampuni ikafilisika. Wengine wanasema ushindani wa Kaypro na IBM ulichangia zaidi, na inawezekana. Lakini mpaka leo wafanyabiashara wakitangaza bidhaa mapema mno wanatajiwa jina la Osborne.

Kwetu sisi wanunuzi somo ni lingine. Anayetangaza mashine ya kesho anatafuta pesa zako za kesho. Tangazo lake linakwambia yeye atauza nini. Halikwambii wewe uko na kazi gani ya kufanya mwezi huu.

Kwetu: simu ya nyaya ambayo haikufika

Turudi nyumbani, tusije tukafikiri mambo haya ni ya watu wa Dar na Marekani tu.

Wakati wa Zaire, mtu wa kawaida aliyetaka simu alipaswa kungojea simu ya nyaya ya serikali. Nyaya zile, badala ya kuongezeka, zilizidi kuoza. Mwaka 1986 mhandisi Miko Rwayitare na mwenzake Mmarekani Joseph Gatt walianzisha Telecel, na mwaka 1987 simu ya mkononi ikalia Kinshasa, kati ya za kwanza kabisa katika Afrika. Kifaa kimoja kilifika maelfu ya dola. Kilikuwa cha mawaziri, maofisa na wafanyabiashara wakubwa. Kwa mwalimu wa Uvira, kusema "ningojee bei ishuke" kulikuwa jibu sahihi kabisa, wala hakukuwa na lingine.

Lakini angalia alichofanya huku akingojea. Hakukaa kimya. Katika miji yetu kulikuwa na redio za foni, za parokia, za mashirika, za wafanyabiashara. Mtu alienda pale, analipa kidogo, anaita Bukavu, Kalemie ao Kindu, anapanga mambo ya mizigo, ya msiba, ya ndoa. Wakubwa zetu wanakumbuka zamu ya foni na namna kila mtu chumbani alisikia siri zako. Biashara ilitembea. Halafu kuanzia mwaka 2000 na 2002, Celtel na Vodacom zilipoingia katika nchi, simu ikashuka mpaka kwa mama mwenye kuuza ndagala. Mwaka 2012 M-Pesa ikafika Kongo, na leo pesa zinapita katika simu ileile.

Waliongojea simu ya mkononi ishuke bei huku wakitumia foni walishinda. Waliongojea simu ya nyaya iwafikie nyumbani, wengi wanaingoja mpaka leo. Wote wawili walikuwa "wanangojea", lakini mmoja alikuwa na njia ya kufanya kazi wakati huo, mwingine alikuwa na ahadi tu.

Meli ya mwaka 1913

Kuna njia ya tatu ambayo mara nyingi tunaisahau. Si kununua mpya, si kungojea. Ni kuitengeneza uliyo nayo.

Wote tunalijua jina la Liemba. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipande, ikatiwa katika masanduku elfu tano hivi, ikapakiwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa gari la moshi mpaka Kigoma. Ikaingia majini mwezi wa pili 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwezi wa saba 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, isije ikashikwa na adui, lakini kwanza walipaka mashine zake grisi nyingi. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua kutoka chini ya ziwa, na 1927 ikarudi kazini, na jina jipya: Liemba.

Katika miaka ya 1970 mashine zake za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli. Bodi ni ileile ya 1913, moyo umebadilishwa. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi wetu nyumbani. Mwaka 2015, ikiwa na miaka mia moja majini, ilikuwa inabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga mpaka Kigoma. Hakuna aliyewauliza wale wakimbizi kama meli ni ya mtindo mpya. Swali lilikuwa: inafika?

Laptop nayo iko hivyo. Mashine ya zamani yenye diski nzito ya kuzunguka, ukiiwekea diski ya SSD na kuongeza RAM kutoka 4 mpaka 8, inaamka kama imezaliwa upya, kwa pesa kidogo kuliko kununua nyingine. Isiyoweza kupokea Windows 11 inaweza kuwekewa Linux, ambayo ni bure, pamoja na LibreOffice kwa kuandika na kwa hesabu. Kwa sisi wa kilimo, R ya takwimu na QGIS ya ramani zote ni za bure na zinafanya kazi juu ya Linux bila shida.

Hesabu ya mkulima

Sasa mfuko wetu. Mimi napenda kuifanya hesabu hii kama tunavyoifanya shambani. Katika Uwanda wa Ruzizi, msimu A unaanza mwezi wa tisa. Mkulima anaweza kusikia kwamba INERA pale Mulungu inajaribu mbegu nzuri zaidi ya muhogo. Habari njema. Lakini hakuna mkulima mwenye akili anayeacha mvua ya mwezi wa tisa ipite bure kwa sababu ya mbegu hiyo. Anapanda bora aliyo nayo leo, na ile mpya ataipanda siku itakapofika mkononi mwake. Wakati huohuo hapandi mwezi wa saba juu ya haraka, mbegu itakauka. Mkulima anangojea, ndiyo, lakini kungojea kwake kuna kalenda.

Basi jiulize mambo matatu.

La kwanza: kuna kazi gani msimu huu? Kama uko na memwari ya kuandika, ripoti za shirika, masomo kwa intaneti, mradi wa kuomba pesa, basi hesabu ni kiasi gani unaacha sekretaria kwa miezi sita. Kwa wengi wetu pesa hizo ni sehemu kubwa ya laptop. Lakini kama kazi yako ya sasa ni kuuliza wakulima maswali kwa KoboCollect, simu ya Android inatosha. Laptop inaweza kungojea bila madhara.

La pili: pesa zenyewe ni za nani? Kama ni zamu yako ya likelemba, sawa. Kama ni minervali ya mdogo wako, ao mkopo wenye riba wa kununulia mashine ambayo haina kazi bado, hapo unarudia ya Wizara ya Fedha ya 1965: mashine imefika, kazi haijapangwa.

La tatu: kama unangojea, mpaka lini, na unangojea nini? "Mpaka mwezi wa tatu, nimalize kuweka dola 250" ni mpango. "Mpaka nione mpya zitakuwaje" ni ile simu ya nyaya. Tena usifikiri bei inashuka kila mara. Mwisho wa 2025 bei ya RAM ilipanda sana duniani, kwani vituo vikubwa vya akili bandia vilikuwa vinazimeza.

Kwa yule atakayenunua sasa, haya ndiyo ya kuangalia. Prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 ao zaidi, juu chini ya hapo Windows 11 haikubali rasmi. RAM ya 8. Diski ya SSD, hata ya 256. Na zaidi ya vyote, kwa mji kama wetu ambapo umeme unakatika wakati wowote: batri. Iwashe dukani bila chaja, iache ifanye kazi nusu saa mbele ya muuzaji. Akikataa, ondoka.

Na neno moja kwa wote, walio na mashine mpya na walio na ya zamani. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe uliacha njia yake, ukachukua watu na nyumba. Roho za watu hazina bei wala hazilinganishwi na kitu. Lakini kati ya vilivyobaki katika matope kulikuwa pia na karatasi: diplomu, madaftari, kazi za miaka. Leo mtu anaweza kuweka memwari yake katika fulashi kwa ndugu anayekaa mtaa mwingine, na nakala ya pili katika barua pepe yake, bila kulipa kitu. Laptop yoyote, ya 2015 ao ya 2026, itakufa siku moja. Fanya nakala wiki hii, hata kama mashine bado ni ya kuazima.